Mkono Uliorudisha Kamba

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo pakawa ya kivivu siitaki, mmeshiba mno au mnasinzia? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni motoni. Na wewe Mama Limi usijifiche nyuma ya moshi, maana ngano ya leo ni yako. Nilikuona jioni. Mtoto kanyoosha mkono kuchukua tonge, ukamchapa kofi la kiganja, kisa mkono wenyewe ni wa kushoto. Mtoto akanywea, chakula hakukigusa tena. Nikanyamaza kwa kuwa kulikuwa na wageni. Sasa wageni wamekwenda zao, na Limi yuko hapa mapajani kwangu, na hasira yangu bado haijapoa. Basi sikilizeni.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakijuliana hali asubuhi, palikuwa na kijiji ndani ya pori la miyombo. Hakikuwa na mto, hakikuwa na ziwa, kilikuwa na kisima kimoja tu. Kisima chenyewe kirefu, chembamba, giza tupu. Ukitupa kijiwe unaweza kusahau kama umekitupa, ndipo usikie chubwi. Kwa hiyo bila kamba, kisima hicho kilikuwa shimo tu la kuangushia mbuzi.

Kamba za kijiji zilitengenezwa na Bi Kalunde na binti zake pacha. Aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Kulwa, aliyefuata aliitwa Doto, kama desturi ya huko ilivyo. Baba yao alikwisha kufa, wao wenyewe walikuwa wanawake wazima wa kuolewa, na kazi yao ilikuwa kamba.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni kwamba kamba ni kamba tu. Anyamaze hivyohivyo.

Mvua zikiisha, gome la myombo likiwa bado na majimaji, walikwenda kulibandua. Ganda la nje wakalitupa, la ndani wakalizamisha kwenye tope la dimbwi mpaka linuke. Likishanuka sawasawa walilitoa, wakalipondaponda kwa rungu, wakalichambua nyuzi nyuzi, wakazianika. Kazi inanuka hiyo. Ndiyo maana waliifanyia porini, mbali na nyumba, na watu waliopita waliziba pua. Jioni watu haohao walikuja na mitungi kuteka maji kwa kamba hiyohiyo.

Vyombo vyao vilikuwa viwili, vyote vya mti. Cha kwanza ni kizungushio, yaani kibao kilichotobolewa karibu na ncha na kupachikwa kwenye kijiti cha kushikia. Unafunga nyuzi kwenye kibao, unashika kijiti, unazungusha hewani, kibao kinakwenda vuu, vuu, vuu, na nyuzi zinajisokota. Cha pili ni kipande cha mninga kilichochongwa umbo la yai, kina mifuo mitatu ubavuni. Wenyewe walikiita yai. Kila uzi unapita kwenye mfuo wake ili usimguse mwenzake kabla ya wakati.

Kulwa alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Alizungusha kibao kikaenda kulia, akasokota uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka zikakaza na kutaka kujifungua. Hapo Doto alizipokea. Doto alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alizifunga zote tatu pamoja kwenye kizungushio chake, kikaenda kushoto, yai likarudi nyuma taratibu, na kamba ikajifunga mbele yake. Nyuzi zinataka kufunguka huku, kamba inataka kufunguka kule, hakuna anayempisha mwenzake, na kwa ugomvi huo kamba inatulia. Na walipokuwa kazini waliimba:

Kulwa sokota, Doto rudisha,
Kulwa sokota, Doto rudisha,
Kulwa sokota, Doto rudisha,
Nyuzi zigombane, kamba itulie.

Msidhani Doto hakuwa na adabu. Alikula kwa kulia, alipokea kwa kulia, wakubwa aliwasalimia kwa kulia na goti chini. Mama yake alimfunza, naye alifunzika. Mkono wa kushoto ulikuwa wa kazi tu, na hakuna aliyeuona, kwa sababu hakuna aliyetaka kusogelea ule uvundo.

Sasa nawaletea Mtemi. Mtemi Mihambo ndiye aliyetawala kijiji hicho, na alikuwa na fahali mweusi aliyempenda kuliko watu wake. Kila kiangazi ilikuwa desturi mtu ateremshwe kisimani kuzoa tope, maana tope likijaa maji hayapati pa kutokea. Mtu huyo alikuwa Kulwa, kwa wembamba wake. Lakini mwaka huo kiangazi kilipofika, Mtemi aliwakusanya watu wote wajenge zizi jipya la fahali. Watu wakamwambia, Mtemi wetu, kisima kinangoja. Akasema zizi kwanza. Wakamwambia tena, akasema zizi kwanza. Wakamwambia mara ya tatu, akasema anayetaka kuchimba tope akachimbe kwao. Zizi likaisha, zuri kweli, na mitungi ikaanza kupanda na matope. Watoto wakaanza kuharisha.

Mtu mzima akikosea husema nimekosea. Mtemi huyo hakusema. Alianza kutafuta wa kumbebesha.

Na mwenye kutafuta hakosi. Mpiga mbiu wa Mtemi alikuwa Nyani. Siku moja Nyani alikwenda porini kuiba matunda, akapanda mti, akaning'inia kwa mkono wa kushoto, tunda moja mkono wa kulia, tunda la pili kwenye mguu, la tatu shavuni. Akatazama chini, akamwona Doto anazungusha kibao. Akashtuka, tunda likamtoka shavuni. Akakimbia mpaka kwa Mtemi.

"Mtemi, nimeona aibu kwa macho yangu. Kamba ya kisima chetu inatengenezwa kwa mkono wa kushoto."

"Umeona vizuri?"

"Nimeona vizuri. Nilikuwa juu."

Kweli nyani haoni kundule. Yeye aliyekuwa akila kwa mikono na miguu, ndiye aliyekuja kushitaki mkono wa mtu.

Mtemi akafurahi sana, ila uso akaukunja. Akaita baraza, wakaja watu, wakaja wanyama. Akasema, "Mnajua kwa nini kisima kimekasirika? Maji yetu yanapandishwa na mkono usiofaa hata kumpa mtu chumvi. Kamba zote za binti huyu zichomwe moto. Ifanywe kamba mpya, kwa mkono wa kulia tu, toka mwanzo hadi mwisho. Na mkono wake wa kushoto ufungwe."

Doto akapiga goti. "Mtemi wetu, kisima hakijakasirika. Kimejaa tope."

Watu wengine wakainama kuficha vicheko, na Mtemi akaona. Kuanzia hapo kosa la Doto likawa mawili.

Kamba zikachomwa. Kamba za kisima, kamba za vitanda, kamba za mizinga ya nyuki, zote zikatupwa motoni mbele ya Bi Kalunde, aliyekuwa ameyaponda yale magome mpaka mabega yakamteguka. Hakuna aliyemtazama usoni. Mnisikie vizuri, hao walikuwa majirani zake, waliooga na kupika kwa maji yaliyopandishwa na kamba zile tangu pacha wake wangali wasichana. Hakuna hata mmoja aliyesema ngoja kwanza. Hilo ndilo linaloniuma mimi kuliko ya Mtemi.

Wanaume wakakaa kutengeneza kamba mpya. Wakasokota nyuzi kulia. Wakaziunganisha, wakazungusha kulia tena. Kamba ikawa haitulii, inajikunja, inajipinda, ukiiweka chini inajinyonga yenyewe. Badala ya kujiuliza, wakaifunga mafundo makubwa ncha zote mbili, wakailaza juani imekandamizwa na mawe mpaka ikanyooka. Ilipendeza kuitazama. Kipande kilichobaki wakamfungia Doto mkono wake wa kushoto ubavuni.

Kabla jua halijatua, kile kipande kikaachia. Doto akaenda nacho barazani akakiinua mbele yao. "Tazameni, sikugusa fundo. Kamba imejifungua yenyewe katikati. Na ile nyingine itafanya hivihivi."

Nyani akasema, "Ameifungua kwa uchawi." Wakamfunga upya, safari hii wakakaza mpaka vidole vikavimba.

Ikatangazwa kwamba Kulwa atateremka kisimani kwa kamba mpya. Doto akaenda kwa Mtemi, akasema, "Mtemi wetu, ateremke yeyote kwa kamba nyingine yoyote, lakini hii itamwangusha." Mtemi akamwambia atoke mbele yake. Akaenda kwa wanaume watakaoshika kamba, akasema, "Kaka zangu, hii itamwangusha." Wakamwambia wao si watoto wa kufundishwa kamba na mwanamke aliyefungwa mkono. Akaenda kwa pacha wake.

"Kulwa, usiteremke. Hii itakuangusha."

"Najua," Kulwa akasema. "Kwani mimi siijui kamba?"

"Sasa unateremkia nini?"

"Doto, watoto wanakunywa matope. Halafu nikikataa watasema sisi wawili ndio tuliokifunga kisima, na wewe ndiye utakayelipishwa. Niache niende. Nitazoa haraka."

Doto akakaa ukingoni mwa kisima karibu na mama yake, mkono umefungwa ubavuni, akamtazama ndugu yake akiingia gizani.

Kulwa akateremka. Akafika chini, akaanza kuzoa tope kwenye ndoo ya gome, akaitingisha kamba, wanaume wakaipandisha, wakaimwaga, wakairudisha. Ndoo baada ya ndoo. Kamba ikalowa, ikavutwa, ikalowa, ikavutwa. Maji safi yakaanza kuchirizika toka ukutani, Kulwa akayasikia miguuni, akacheka peke yake huko chini. Akaita, "Yamekuja!" Watu juu wakapiga vigelegele. Mtemi akapiga hatua mbele ili aonekane, akasema, "Mnaona? Mkono wa kulia huo."

Kisha wakampandisha Kulwa. Alipofika katikati akaanza kuzunguka. Akazunguka polepole, akazunguka upesi, akazunguka mpaka akawa hajui ukuta upi ni upi. Kamba ilikuwa inajifungua, na kila inavyojifungua ndivyo inavyomzungusha. Uzi mmoja ukakatika, ta. Wa pili ukakatika, ta. Kulwa akatanua miguu, akabana mgongo ukuta huu na nyayo ukuta ule, na uzi wa tatu ukakatika, kamba tupu ikapanda juu mikononi mwa wanaume.

Wakabaki wameishika, wameduwaa.

"Niko hapa," Kulwa akaita toka chini. "Nimebana. Lakini miguu inatetemeka."

Bi Kalunde akapiga yowe, "Leteni kamba!" Ipi? Walikuwa wamezichoma. Nyani akatazama juu mitini. Mtemi akatazama fimbo yake.

Doto akauvuta mkono wake wa kushoto kwa nguvu zote, ile kamba nzuri ya mkono wa kulia ikaachia kama mara ya kwanza. Akakimbia. Hakujua anakimbilia wapi, alijua tu kwamba kukaa hawezi. Akapita nyumba ya kwanza, hakuna kamba. Akapita ya pili, hakuna kamba. Akapita kwenye zizi jipya, na fahali mweusi akamwita.

"Binti, unakimbilia nini?"

"Natafuta kamba. Ndugu yangu yumo kisimani."

Fahali alikuwa mzito wa maneno. Akacheua kwanza. "Na hii iliyoko shingoni mwangu ni nini?"

Doto akasogea, akaishika, vidole vyake vikaitambua kabla ya macho. Ilikuwa kamba yake mwenyewe, ndefu, nene, nzima kabisa, imefungwa kwenye mti wa mninga na kuzungushwa mara nyingi.

"Hii haikuchomwa?"

"Mtemi alisema zichomwe za watu," fahali akasema. "Hii yangu alikuja mwenyewe akaivuta, akaona haina dosari, akaiacha. Alisema nikifungwa kwa ile mpya nitapotea. Mimi sikusema kitu, hakuna aliyeniuliza."

Mmesikia lakini? Alijua. Aliivuta kwa mikono yake akajua ni kamba nzuri, fahali akamlinda kwayo, mtoto wa Kalunde akamning'iniza kwa takataka. Mpaka leo nikifika hapa huwa nataka kuinuka.

Doto akafungua, fahali akajinyoosha akaenda zake. Doto akarudi mbio, kamba begani. Akaiteremsha kisimani, Kulwa akaidaka akajifunga kiunoni. Wanaume wakasita kuishika ncha ya juu. Mmoja akanong'ona, "Ni ile ya kushoto."

Bi Kalunde ndiye aliyeishika wa kwanza. Hakumwambia mtu neno, aliishika tu akakaza miguu. Mwanamke mwingine akaja nyuma yake, na mwingine, na mwingine, mwishowe na wale wanaume nao wakaona haya wakaja. Kamba haivutwi kwa mkono mmoja, jamani. Kila aliyekuwepo alivuta kwa kulia na kushoto, na hakuna aliyejichunguza. Doto akaimba, sauti inamkatika:

Kulwa sokota, Doto rudisha,
Kulwa sokota, Doto rudisha,
Kulwa sokota, Doto rudisha,
Nyuzi zigombane, kamba itulie.

Kulwa akapanda bila kuzunguka hata kidogo. Akatoka, ametapakaa tope mpaka kwenye kope, akamwangukia pacha wake, na mama yao akawakumbatia wote wawili, wakalia. Kamba ikawa imelala miguuni mwao, imelowa, imejaa tope, na haijafunguka hata uzi mmoja.

Ndipo mtu mmoja akauliza, "Hii imetoka wapi?"

"Shingoni mwa fahali wa Mtemi," Doto akasema.

Watu wakageuka wakamtazama Mtemi. Mtemi akakohoa. Akasema, "Basi. Nimetafakari. Binti huyu naye aendelee na kazi yake, ila hukohuko porini, mahali ambapo watu hawatamwona."

Kutoka upande wa mashamba ikasikika kwacha, kwacha, kwacha. Fahali alikuwa ameingia kwenye mtama wa Mtemi, anavunja mabua na kula. Watu wakamwendea kumswaga, akawainamishia pembe, wakarudi.

"Nipe kamba yangu," Mtemi akasema. "Ananimalizia mtama."

Doto akaikunja kamba, duara juu ya duara, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Akasimama mbele ya Mtemi. Na yule binti aliyefunzwa adabu na mama yake, aliyepokea kwa kulia na kusalimia kwa kulia maisha yake yote, akamnyooshea kamba kwa mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa bado vimevimba, na alama za ile kamba mpya zimezunguka kifundo cha mkono.

Nyani akasema, "Mkono mwingine, binti. Unampa Mtemi."

"Huu ndio uliotengeneza," Doto akasema. "Akiitaka, ataipokea kwenye huu."

Kwacha, kwacha, kwacha, mtama unakwisha. Mtemi akawatazama watu wake, akingoja mtu amkemee Doto. Wale majirani waliokaa kimya kamba zikiungua, safari hii nao walikaa kimya, lakini macho hawakuyainamisha. Mtemi akanyoosha mkono wake wa kulia apokee. Kamba ilikuwa imelowa, nzito, imejaa tope la kisima, ikamlemea, ikaanza kumponyoka. Ikabidi autie na wa kushoto chini yake.

Akaipokea kwa mikono miwili, na mgongo ukainama, kama mtoto anavyopokea kitu kwa mkubwa wake. Watu wote waliona. Mikono miwili, Mama Limi, ihesabu mwenyewe.

Hadithi yangu nimeifunga fundo hapo, na anayedhani inalegea aivute. Haya Limi, inuka, kiazi hiki kimeiva. Nyoosha mkono uchukue. Wowote.